Chakula cha Ajabu: Gharama Inamwangukia Nani?

Katika Kasuku, komini ya mji wa Kindu nchini Kongo, iliyo ukingo wa magharibi wa mto Lualaba, mgeni anayekaribishwa kinywaji ana haki ambayo haiombi: chupa hufunguliwa mbele ya macho yake. Ikiwa ni lotoko, pombe kali ya kienyeji, mwenyeji huionja kwanza. Desturi hii utaikuta pia Bukavu, Goma, Bujumbura na mbali zaidi. Imetoka katika imani kwamba kinachoingia kinywani hakileti shibe tu. Chaweza kuleta kinga, ugonjwa, mapenzi, deni au kifo.

Imani hiyo imelelewa na hadithi, na hadithi hizo zina watetezi na wapinzani. Hoja ya mjadala huu ni hii: je, hadithi za chakula na kinywaji chenye nguvu za ajabu zinatulinda au zinatuangamiza? Nimeigawa kwa sauti tatu. Mwalimu amestaafu baada ya miaka mingi ya kufundisha historia na fasihi. Muuguzi ni mama anayehudumu katika kituo cha afya. Shehe anatoka katika umma wa Waislamu wa Maniema, ambao historia yao inaanzia Nyangwe na Kasongo, wakati wa misafara ya karne ya 19. Wasemaji nimewaunda mimi. Hoja zao ni za watu walio hai.

MWALIMU: Naanza na kisa cha majirani zetu Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 mtambaji wao Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili. Mwaka 1969 Biebuyck aliuchapisha pamoja na Kahombo Mateene. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwakataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa. Baba akajaribu kumuua, akashindwa, mwishowe akakimbilia kuzimu kwa Muisa. Mwindo akamfuata hukohuko. Kabla hajafika kwa Muisa alikutana na Kahindo, binti wa mwenyeji huyo, mwili wake umejaa vidonda vya buba. Binti akamwonya: ukipewa kiti, usikikalie, ukipewa pombe ya ndizi, usiinywe, ukipewa ugali, usiule. Akamfundisha na maneno ya kujibu. Mwindo akayashika yote, na mtego wa mezani ukamkosa.

Onyo hili limesikika mbali. Wagiriki walisimulia kwamba Persephone alikula punje za komamanga huko kuzimu, ikamlazimu kurudi huko kila mwaka. Wajapani wanasimulia kwamba Izanami alikula chakula kilichopikwa kuzimu, na mumewe Izanagi alipomfuata hakuweza kumrudisha. Watu wasiojuana waliona jambo lilelile: ukila kwa mtu, umeingia mkononi mwake. Hadithi hizi zinatufundisha kujua tunakula kwa nani, na kwa ahadi gani. Mimi nasema zinatulinda.

MUUGUZI: Mwalimu, mimi napokea watu ambao hadithi hizo zimewafikisha kwangu wakiwa wamechelewa. Mgonjwa analetwa macho ya manjano, tumbo limejaa, na jamaa zake wamemaliza siku nyingi wakiulizana alikula kwa nani. Homa ya matumbo haina mkono uliopeleka sahani. Ugonjwa wa ini hauna adui aliyekaa kwenye ngoma ya msiba. Swali la "alikula kwa nani" likitangulia swali la "anaumwa nini", tunampoteza mgonjwa na papo hapo tunampata mshtakiwa.

MWALIMU: Lakini sumu ipo, Mama. Watu hulishana.

MUUGUZI: Ipo, na ikiwepo ina dalili, ina vipimo, ina sheria. Ninachokataa ni sumu isiyohitaji ushahidi. Tena tusisahau yaliyopita hapahapa mjini. Julai 1964 waasi walioitwa Wasimba waliingia Kindu. Vijana walikuwa wamechanjwa, wamepakwa dawa, wamenyunyiziwa maji, wameambiwa risasi zitageuka maji. Walisonga mbele wakiita "Mai Mulele", jina la kiongozi wa waasi Pierre Mulele, ambaye vita vyake mwenyewe vilikuwa mbali sana, Kwilu. Upande wetu wa Maniema jina la mganga lililovuma kuliko yote lilikuwa la Mama Onema. Dawa ilikuja na masharti: usilale na mwanamke, usiibe, usigeuke nyuma, usimguse asiyepewa dawa, na kulikuwa na miiko juu ya chakula na juu ya mtu aliyekipika. Novemba ya mwaka uleule jeshi la serikali na mamluki wakauchukua mji tena. Walioanguka wengi walikuwa vijana. Na maelezo ya kifo cha kila mmoja wao yalikuwa yametayarishwa kabla hajafa: alivunja masharti.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Sharti la namna hii ni mwanya wa kutorokea. Kijana akipona, dawa imefanya kazi. Akifa, kijana ndiye mwenye kosa. Dawa haishindwi hata siku moja, na aliyeitoa haulizwi kitu.

MWALIMU: Binti yangu, usiwahukumu vijana wale bila kuhukumu walichokuwa wakikikataa. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Waziri mkuu wetu wa kwanza, Lumumba, akauawa tarehe 17 Januari 1961. Miaka mitatu baadaye mwanakijiji wa Maniema alikuwa hajauona uhuru isipokuwa kwa jina. Watu wasio na bunduki walitafuta kitu cha kuwatoa hofu. Na hawakuwa wa kwanza. Kusini mwa Tanganyika, kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji yenye mafuta ya mbarika na mtama. Wengine waliyanywa, wengine walimiminiwa. Maji yaleyale yaliwaweka safu moja Wamatumbi, Wangindo na Wangoni, watu ambao hapo awali hawakuwa na vita vya pamoja. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyochapishwa 1969, alimfanya shujaa wake akatae kuwatamkia Wajerumani waliotawala nchi hiyo kwamba maji yale yalikuwa uongo. Aliona kuwa kulifuta neno lile ni kufuta pia sababu ya watu kusimama. Tena Kinjikitile wa historia alilipa kwa shingo yake: walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905.

MUUGUZI: Namheshimu kwa hilo. Alisimama mwenyewe. Lakini baada yake maji yaliendelea kugawiwa, na Vita vya Maji Maji vikaendelea hadi 1907. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, kwa sababu Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala. Litazameni jambo hilo kwa makini. Watu walikunywa maji ya mtama yaliyoahidi kuwaokoa, na adui akawashinda kwa kuchoma mtama wenyewe. Mimi nikisikia kinywaji cha ajabu, nauliza kwanza ghala lina nini.

SHEHE: Mniruhusu niingie, maana mkiendelea hivi mtaviweka vitu vyote katika chungu kimoja. Kwetu kuna kombe. Aya za Qurani huandikwa kwa wino wa zaafarani kwenye sahani nyeupe, huoshwa kwa maji, mara nyingine kwa marashi ya waridi, na mgonjwa hunywa. Unguja, Mombasa na Lamu ni desturi ya zamani. Wapo wanazuoni wanaoikubali na wapo wanaoikataa, na leo sikuja na hukumu ya fiqhi. Nataka mtazame adabu ya mwenye kulitoa. Anayeandika kombe kwa uaminifu haahidi kitu. Husema mponyaji ni Mungu, nami ni mja. Hamzuii mgonjwa kwenda hospitali. Na mgonjwa asipopona, hamwambii kwamba imani yake ni dhaifu.

MUUGUZI: Shehe wangu, wapo wanaomwambia hivyohivyo. Na wapo wanaopokea fedha kabla ya kuandika herufi ya kwanza.

SHEHE: Wapo, Mama, na hao napingana nao kuliko unavyopingana nao wewe, kwa sababu wanatumia maneno ninayoyaheshimu. Kinywaji kinaweza kuwa kimoja, sahani moja, hata maneno yaleyale, na bado mtoaji mmoja akawa mkweli na mwingine mwizi. Kwa hiyo msijadili kikombe peke yake. Mjadili mtu aliyekishika.

MUUGUZI: Nalipokea hilo, na nawaongezea langu, msije mkadhani nayachukia masharti yote. Mama zetu wana mwiko mkali wa muhogo mchungu: haupikwi siku uliyochimbwa. Hulowekwa siku kadhaa, huanikwa, ndipo hutwangwa. Ukiharakisha, sianidi inabaki ndani yake. Mtu aliyeula hivyo kwa majuma, na mlo wake hauna samaki wala maharagwe ya kutosha, anaweza kuamka siku moja miguu imekakamaa, asitembee sawasawa tena maisha yake yote. Ugonjwa huo ni konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, na unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hujitokeza pale ukame, vita na njaa vinapowalazimisha watu kufupisha siku za kuloweka.

Hilo ni sharti la chakula, Mwalimu, na lina nguvu kubwa. Lakini linamkuta anayeamini na asiyeamini vilevile. Halichagui mtu wa kumlaumu. Na likivunjwa, tunajua la kufanya kesho ili jirani asipatwe.

MWALIMU: Sasa umenisogeza, na sioni aibu kusogea. Nakubali kwamba kila sharti liulizwe. Ninachosema ni kwamba hadithi zenyewe zilikwisha kuuliza kabla yetu. Wababeli walisimulia habari za Adapa. Mungu Ea alimshauri asile mkate wala asinywe maji atakayopewa mbinguni, kwa kuwa ni vya mauti. Adapa akatii. Kumbe vilikuwa mkate wa uzima na maji ya uzima, na utii wake ukamnyima kutokufa. Waliosimulia kisa hicho walijua kuwa hata anayekuonya anaweza kuwa na lake.

Kisha tazameni hadithi za Kiswahili alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, alizozikusanya Unguja. Katika kisa cha Sultani Darai, maskini mpekua jaa ananunua paa. Paa anamtafutia mke, binti wa sultani. Anamuua nyoka mkubwa na kumpatia bwana wake jumba lenye kila kitu. Halafu paa anaugua. Nyumba imejaa vyakula, na yule bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama hafifu. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo. Bwana anaamka na kujikuta jaani, anapekua vumbi kama zamani. Basi niambieni, gharama ya chakula kile ilimwangukia nani? Ilimwangukia aliyekuwa na uwezo wa kutoa akanyima.

Mwindo naye hakuachwa hivihivi. Alipokuwa mtemi aliliua joka Kirimu, akaamuru nyama yake ipikwe iliwe. Harufu ya ule moshi ikamfikia Nkuba, Radi mwenyewe, ambaye Kirimu alikuwa rafiki yake. Nkuba akamchukua Mwindo juu mbinguni, akateswa kwa baridi, kwa jua, kwa njaa na kwa kiu. Alirudi akiwa amekatazwa kuua mnyama tena. Sharti lilimfunga mwenye nguvu kuliko wote katika nchi. Halikumfunga mtoto wala mtumwa.

MUUGUZI: Kwa hiyo sasa tunacho kipimo: tuangalie sharti linamfunga nani na gharama inamwangukia nani. Basi kipimo hicho nikitumie kwenye hadithi isiyo na Steere wala Biebuyck, inayosimuliwa katika miji ya nchi hii leo. Mtoto anapewa andazi au karanga na jirani. Anakula, kwa sababu ana njaa. Usiku jirani anamjia ndotoni: ulikula changu, sasa unanidai au nakudai? Nipe nyama. Nipe mdogo wako, nipe baba yako. Tangu siku hiyo baba akipoteza kazi, mdogo akipatwa na homa, shangazi akiharibu mimba, mtoto yule ndiye analipa deni la andazi. Kinshasa jambo hili limeandikwa na watafiti tangu miaka ya 1990. Watoto wengi sana wametupwa barabarani kwa sababu yake. Wengine hupelekwa kwenye vyumba vya maombi, wananyimwa chakula kwa siku kadhaa, au wananyweshwa vitu vya kuwatapisha ili watoe kile wanachodaiwa kukila.

Anayedaiwa kutoa andazi mara nyingi hajulikani. Aliyeshindwa kumlisha mtoto mpaka akala kwa jirani haulizwi. Gharama yote inamwangukia mtu mwenye mwili mdogo kuliko wote nyumbani.

SHEHE: Hayo ya kutapisha ni mwavi uliorudi mlangoni kwetu. Zamani mshtakiwa alinyweshwa maji ya ganda la mti wenye sumu. Akitapika, hana hatia. Akifa, ni mchawi. Serikali za kikoloni zilipiga marufuku, na wazee wengi hawakusikitika, maana kila ukoo ulikuwa na kaburi la mtu aliyethibitishwa uchawi kwa tumbo lake kushindwa kutapika. Katika dini yangu anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Mwavi uliligeuza hilo: ulimtaka mshtakiwa auweke mwili wake kuwa ushahidi. Mtoto anayelazwa njaa ili akiri amefanyiwa jambo hilohilo.

MUUGUZI: Na sheria haina utata. Kifungu cha 41 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinakataza kumtelekeza mtoto na kumshtaki uchawi. Kifungu cha 160 cha sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, kinamwadhibu mwenye kutoa shtaka hilo kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Lakini sheria haijafika mahali hadithi ya andazi ilipofika. Hadithi inasimuliwa jikoni na kwenye foleni ya maji. Ndiyo maana nilianza nikisema hadithi zinatuangamiza.

MWALIMU: Mama, hadithi mbaya haiondolewi na kifungu cha sheria peke yake. Huondolewa na hadithi iliyo bora kuliko yenyewe, na hiyo tunayo. Rudini kwa Mwindo. Mwindo anapokaribishwa na Muisa ni mtoto bado. Mwenyeji ni mkubwa, nyumba ni yake, ugali ni wake, na desturi zote zinamtaka mtoto apokee kwa mikono miwili. Utendi unampa mtoto huyo haki ya kukataa, tena kwa sauti. Na aliyemfundisha kukataa ni nani? Binti mgonjwa aliyejaa vidonda, mtu ambaye wengine wangemkwepa njiani. Mwindo hakumkwepa. Alimwosha vidonda vyake, akamponya. Katika hadithi ya andazi mtoto ana hatia kwa sababu alikula. Katika utendi wa Wanyanga mtoto ana busara kwa sababu alipata mtu wa kumwonya na akasikilizwa alipokataa. Hayo ndiyo mapokeo yetu. Anayemtupa mtoto nje kwa jina la mila hajui mila.

SHEHE: Na jirani anayempa andazi mtoto mwenye njaa amefanya jambo ambalo dini zote mbili za mtaa huu, Uislamu na Ukristo, zinaliita sadaka. Hofu hii ikiendelea, nani atathubutu kulisha mtoto asiye wake?

MUUGUZI: Hapo, Shehe, umelisema lililo moyoni mwangu. Nikiona mama anamnyang'anya mtoto mkate aliopewa na jirani, naiona njaa ya kesho.

KAULI YA MWANDISHI: Nimewasikiliza watatu hawa na sitaki kujificha nyuma yao. Hadithi za chakula cha ajabu zibaki. Ziambiwe watoto nyumbani, zifundishwe shuleni, na Mwindo awe wa kwanza kati yake, kwa kuwa ni wa ukanda wetu na anasema tunachohitaji kusikia. Lakini kila inaposimuliwa hadithi ya chakula kinachodaiwa kufanya kazi leo hii, katika mwili wa mtu aliye hai, tuwe na haki ya kuuliza mambo matatu bila kuitwa wasioamini. Mtoaji ameahidi nini, na yuko tayari kuitumia dawa hiyo yeye kwanza? Mlaji alikuwa na uwezo wa kukataa? Ahadi isipotimia, nani analipa?

Kwa maswali hayo, kombe la mja mnyenyekevu na dawa inayouzwa kwa kijana anayepelekwa vitani havitalingana tena. Mwiko wa muhogo utabaki, kwa sababu unamlinda kila mtu na haumshtaki yeyote. Sultani Darai itabaki, kwa sababu inamwadhibu mwenye shibe aliyenyima. Hadithi ya andazi haitapita. Mlaji wake hakuweza kukataa, mtoaji wake haonekani, na deni lake linadaiwa kwa mtoto.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa dini, walimu na wakuu wa mitaa wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli jambo lililo ndani ya uwezo wao. Mtoto akishtakiwa kwamba alilishwa uchawi, mzigo wa kwanza wa kueleza uwe wa mshtaki, naye mtoto apelekwe kituo cha afya, apimwe na ashibishwe. Baada ya hapo, mwenye hadithi ya kusimulia aisimulie mbele ya watu wazima wanaojua kifungu cha 41 kinasema nini, na wanaojua kwamba Mwindo, akiwa mtoto, aliruhusiwa kusema hapana.